Wimbo Nilioupandisha Ngazi Moja

Mwalimu kijana aliyepokea vipindi vyangu vya muziki hapa chuoni aliniomba nimwachie mbinu za kufundisha sauti, kurasa mbili au tatu hivi. Nimestaafu juzi tu na muda ninao, kwa hiyo kurasa zimezidi. Habari za vyeo na barua za kupandishwa daraja nimeziacha. Zimo kwenye faili langu, wala hazimfundishi mtu kuimba. Nimeandika nilivyoanza, nilivyokosea, na nani aliumia kwa kosa langu.

Nilifika Karatu mwanzoni mwa miaka ya sabini kumfuata mume wangu, bwana shamba aliyehamishiwa huku kutoka Moshi. Nilikuwa mwalimu wa hesabu mwenye miaka thelathini na saba na watoto wanne. Chuo kilikuwa kidogo, cha kuandaa walimu wa shule za msingi. Siku niliyoripoti, mkuu wa chuo alikuwa na ratiba mezani, akahesabu vipindi vyangu kwa ncha ya penseli.

"Mwalimu Ndeshi, umepungukiwa vipindi vinne. Umewahi kuimba kwaya?"

"Mkuu, kwetu kila mtu ameimba kwaya."

"Basi utamsaidia Mwalimu Margwe kufundisha muziki."

Usaili wangu wa muziki uliishia hapo.

Damiani Margwe alikuwa Mwiraqw wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa jua na mvua. Ujanani alipelekwa Italia kusomea upadri. Upadri ulimshinda, lakini jirani na seminari yao aliishi mzee aliyewahi kuimba opera, na mzee huyo akamfundisha kwa miaka mitatu. Margwe alirudi nyumbani na sanduku la santuri, gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na elimu ambayo hakuna ofisi iliyokuwa imeiomba.

Nilipojitambulisha kwake hakuniuliza nimesoma wapi. Alinionyesha mkeka sakafuni.

"Lala chali, Mama. Hicho kitabu chako cha hesabu kiweke tumboni."

Nilikuwa nimevaa gauni jipya la siku ya kuripoti. Nililala. Akanitaka nivute pumzi, na kitabu hakikutikisika. Kilichopanda ni mabega yangu.

"Unavuta pumzi kama mtu aliyeshtushwa na chatu," alisema. "Kitabu kipande, kishuke. Mabega yapumzike, hayana kazi hapa."

Ilinichukua juma zima kukipandisha kitabu kile. Wanafunzi walifanya zoezi hilohilo mstari mmoja nami, na baadhi yao walinizidi. Nakueleza haya, mwenzangu, kwa sababu nimesikia unaona aibu kujifunza mbele ya darasa lako. Utazoea.

Opera yenyewe wanafunzi hawakuwa wakiijua, wala mimi. Margwe alieleza kwa ufupi: ni igizo ambalo maneno yote huimbwa, na mwimbaji hupewa ukumbi wa watu wengi bila kipaza sauti. Kisha alipiga santuri. Mwanamke akaanza kuimba kwa sauti ya juu kabisa, na darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu, huyu mama amepatwa na nini?" aliuliza msichana wa mbele.

"Ameachwa na mume. Sasa nyamazeni, msikilize mahali anapovuta pumzi."

Alirudisha sindano mara nne. Mara ya nne hakuna aliyecheka, kwa kuwa walikuwa wamegundua kwamba pumzi zenyewe hawazisikii.

Nilimwuliza faida ya haya yote kwa watu watakaokwenda kufundisha Oldeani na Samunge. Alinitazama kama niliyeuliza faida ya kuhesabu. "Mwanafunzi wetu atasimama mbele ya watoto tisini, chini ya bati, mvua inapiga. Atasema tangu asubuhi mpaka saa nane, miaka thelathini. Nani atamfundisha kufanya hivyo bila kuua koo? Mwanasiasa ana kipaza sauti. Mhubiri anasema Jumapili tu. Aliyelitafutia dawa tatizo hili ni mwimbaji wa opera."

Basi zana zetu zilikuwa hizi. Mkeka. Ukuta, ambao mwanafunzi aliuegemea kwa mgongo ili aihisi shingo ikinyooka. Mshumaa, ambao aliimba mbele yake sauti moja ndefu bila mwali kucheza. Ukicheza, hewa inapotea bure. Kioo cha kunyolea, ili auone mshipa wa shingo ukitokeza na aulegeze. Miayo ya kufungua koo, ambayo kwa kipindi cha saa saba mchana haikuhitaji kufundishwa. Na ndoo ya maji ya kunyunyizia sakafu, kwani kiangazi magari ya watalii yaendayo Ngorongoro hutuachia vumbi jekundu ambalo huingia hata kwenye unga kabatini. Asubuhi za ukungu hatukuimba hadi jua litoke. Koo baridi, Margwe alisema, ni kama ng'ombe aliyelala; usimwamshe kwa fimbo.

Miongoni mwa wanafunzi wa miaka ile alikuwamo Saitoti, Mmasai wa Oloipiri, mrefu, mkimya. Siku ya kupima sauti alitoa mngurumo wa chini uliofanya dirisha lililolegea liitikie. Kifua chake hakikutikisika. Margwe alinigeukia. "Huyu pumzi tusimfundishe. Tumwulize." Shida ya Saitoti ilikuwa nyingine: hakutaka kuimba peke yake. "Kwetu mtu anaimba na wenzake, Mwalimu. Nikisimama peke yangu nikaimba kwa huzuni, watu watauliza nimepoteza ng'ombe wangapi." Tulimruhusu aimbe akiwa amesimama katikati ya wenzake walionyamaza. Baada ya mwezi tulikuwa tukiwaondoa wenzake mmoja mmoja, hadi akabaki mwenyewe bila kutambua. Mbinu hiyo itumie, inafaa kwa wote wenye haya.

Margwe alistaafu nami nikiwa na miaka mitano tu ya kumfuata nyuma. Alirudi kijijini kwao, mwendo wa saa mbili kwa lori, akaniachia gramafoni, kinanda cha kukanyaga, na daftari. Ndani ya daftari kulikuwa na opera yake mwenyewe kwa Kiswahili. Ilihusu ndugu wawili wanaogombea chemchemi, mama yao, na dada yao anayesimama kati yao na kuimba mpaka wanaangusha fimbo. Haikuwa ndefu, kama dakika hamsini. Niliweka nia kwamba nitaipandisha jukwaani. Miaka kadhaa ilipita kabla sijapata sauti ya dada.

Sauti hiyo ilikuja na Theresia. Alikuwa na miaka ishirini, binti wa kibarua wa mashamba ya kahawa kule Oldeani, nahodha wa timu ya netiboli, mcheshi. Sauti yake ilikuwa nene katikati na nyepesi juu, na haikukwaruza popote. Saa ya kwanza niliyomsikia nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba opera imepata mtu. Akauliza kama chakula kimepata mtu pia.

Mkuu wa chuo, ambaye sasa alikuwa mwingine, alipenda wazo hilo. Kulikuwa na sherehe ya chuo mwishoni mwa Agosti, na wageni kutoka mkoani walikuwa wamealikwa. Tulikuwa na wiki saba.

Sasa nalieleza kosa lenyewe, na naomba ulisome polepole. Wimbo wa dada, Margwe aliuandika kwenye ufunguo, yaani mpangilio wa sauti za wimbo, wenye vitufe vyeusi vitatu vya kinanda. Mimi nilianza kupiga kinanda ukubwani. Vitufe vyeusi vitatu vilinishinda, kimoja nilikiweza. Kwa hiyo niliunakili wimbo wote ngazi moja juu, mahali ambapo vidole vyangu vilipata njia. Kimahesabu ilikuwa kazi safi. Kila nota niliihamisha sawasawa, nikajisifu. Sikuwaza kwamba nimehamisha na koo la mtu.

Tulifanya mazoezi kila siku, na kuanzia wiki ya nne mara mbili kwa siku. Kilikuwa kiangazi kikali. Asubuhi Theresia alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha shule ya jirani, darasa la watoto tisini na wawili, mchana na jioni alikuja kwangu. Siku moja alisimama katikati ya wimbo.

"Mwalimu, pale juu sipati nafasi. Napanda kwa mabega. Hatuwezi kushusha kidogo?"

Mwanafunzi alikuwa akiniambia kwa lugha niliyomfundisha mwenyewe kwamba kuna kitu kimeharibika. Mimi nikamjibu, "Kaza tu kidogo, mwanangu. Koo litazoea."

Wiki iliyofuata akawa anaamka na sauti ya kukwaruza. Nikasema ni mafua, nikamchemshia tangawizi. Kisha sauti ikawa haitoki hadi saa nne, halafu hadi saa sita. Siku nane kabla ya sherehe, kwenye mazoezi tuliyovaa mavazi ya jukwaani, alifika mahali dada anaposimama kati ya ndugu. Alifungua kinywa, na ikatoka hewa. Akajaribu tena. Saitoti, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu shule ya karibu na alikuja kutusaidia kuimba sehemu ya kaka mkubwa, aliishusha fimbo yake sakafuni kabla ya wakati wake. Theresia alishika koo kwa mikono miwili na kunitazama. Hakulia. Ningependelea angelia.

Nilimpeleka hospitali ya misheni kesho yake. Daktari alimtazama kwa kioo kidogo chenye mpini mrefu, muda mrefu, kisha akaniita. Nyuzi za sauti zilikuwa zimevimba, na kila upande ulikuwa na kijipele.

"Asiseme kwa wiki sita," alisema. "Hata kunong'ona asinong'one. Vikipungua, vizuri. Visipopungua, hatakuwa na sauti ya kufundishia."

Nilihesabu njiani. Mtihani wa kufundisha kwa vitendo ulikuwa baada ya wiki nne. Kanuni ya chuo ilikuwa fupi: asiyefundisha mbele ya mkaguzi amefeli, na aliyefeli hurudi nyumbani. Kwa Theresia nyumbani maana yake ilikuwa kuchuma kahawa kando ya baba yake.

Tukielekea bwenini nilimnunulia ubao mdogo wa watoto na chaki. Nikamwambia awe anaandika anachotaka. Aliuchukua, akaandika neno moja, akanigeuzia.

*Nilikwambia.*

Nilikwenda kwa Margwe kwa lori la mchana. Nilimkuta anapalilia vitunguu, koti lilelile mwilini. Nilimweleza mazoezi ya mara mbili kwa siku, koo, vijipele na wiki sita. Akaendelea kupalilia mpaka nikamaliza.

"Nani amepandisha ufunguo?" aliuliza.

Nilikuwa sijamtajia ufunguo. Nikasema ni mimi.

"Kwa nini?"

"Vidole vyangu, Mwalimu. Vile vyeusi vitatu vinanishinda."

Aliinuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Pale nilipouweka, msichana huvuka kutoka sauti ya kifua kwenda ya kichwa akiwa kwenye neno jepesi. Ulipoupandisha, amevuka akiwa kwenye neno la kupiga kelele. Kila siku, mara mbili, amegonga mlango uliofungwa." Kisha akauliza, "Chuoni wanasemaje?"

Nikamwambia wanachosema. Mkuu alikuwa amepata habari kwamba Theresia alipaza sauti mno kwenye netiboli, na tayari alikuwa ametamka mbele ya walimu kwamba binti huyo hana nidhamu ya sauti. Hakuna aliyekuwa amelitaja jina langu.

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Basi utasema. Usiposema, atafeli, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ataamini koo lake ndilo bovu. Mtu akishaamini hivyo, Mama, hata vijipele vikiisha hataimba. Hata darasani atasema kwa woga."

Nilirudi Karatu nikiwa nimekaa juu ya magunia ya ngano, na njia nzima nilitunga namna ya kulieleza jambo lile ili lionekane dogo. Sikupata namna.

Kikao cha walimu kilikuwa Jumatatu. Mkuu alikuwa akieleza jinsi tutakavyowapa wageni kwaya badala ya opera, kwa sababu ya uzembe wa mwanafunzi mmoja. Nikanyoosha mkono.

"Mkuu, mwanafunzi hakuzembea. Wimbo niliupandisha mimi kwa sababu sijui kupiga kinanda vizuri. Aliniambia unamwumiza, nikamwamuru aendelee. Naomba mtihani wake uahirishwe, na barua ya kuomba niiandike mimi, na sababu niiandike hivyohivyo."

Mwalimu wa kilimo alianza kuchunguza kucha zake. Mkuu alivua miwani.

"Mwalimu Ndeshi, unajua barua hiyo itakwenda mkoani? Itakaa kwenye faili lako."

"Najua."

"Una miaka zaidi ya ishirini kazini."

"Ndiyo maana sina la kujitetea, Mkuu."

Nilipewa onyo la maandishi na kuondolewa kwenye kamati ya sherehe. Wageni wa mkoa walisikiliza kwaya, wakala pilau, wakaondoka. Mtihani wa Theresia ulisogezwa miezi mitatu. Majibu ya barua yangu yalipofika nilimpelekea mwenyewe bwenini. Aliyasoma mara mbili, kisha akaandika ubaoni: *Uliwaambia kweli?* Nikaitikia kwa kichwa. Akafuta, akaweka ubao chini, akatazama dirishani. Hatukuwa tumepatana bado, na sikutegemea.

Wiki sita za ukimya zilikuwa ngumu kwa nahodha wa netiboli kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Alijifunza kupiga filimbi, kupiga makofi, kurusha chaki. Mama yake alikuja kutoka Oldeani na kibuyu cha maziwa ya mgando. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini swali lake lilitosha. "Ataongea?" Nilimjibu kwamba daktari anatumaini, na kwamba kosa ni langu. "Sawa," alisema. "Basi mtengeneze."

Daktari alipoturuhusu, tulianza kwa kumumunya sauti midomo ikiwa imefungwa, dakika tano kwa siku. Wiki ya pili dakika kumi. Nilimweka ukutani, mbele ya kioo, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kila Jumamosi mimi nilipanda lori kwenda kwa Margwe na kujifunza upya: mahali sauti inapovuka, namna ya kusikia shingo iliyokaza bila kuiona, na vile vitufe vyeusi vitatu, ambavyo alinipigisha hadi vidole vikafa ganzi. Jumatatu nilimweleza Theresia nilichofundishwa na nilichokosea. Siku moja aliniambia, kwa sauti ya chini ambayo bado ilikuwa ngeni kwangu, "Mwalimu, leo mabega yaliyopanda ni yako." Yalikuwa yangu kweli. Hiyo ndiyo siku tuliyopatana.

Mtihani alifanyia Oldeani, darasa la tatu, watoto themanini na sita, somo la sayansi kuhusu maji. Mkaguzi alikaa nyuma kabisa, kando ya ukuta. Bati lilikuwa likialika kwa jua. Theresia hakupaza sauti hata mara moja. Alisimama, akasubiri wanyamaze, akasema kama mtu anayeongea na jirani wa karibu, na kila neno lilifika ukutani. Mkaguzi aliandika bila kuinua kichwa, kisha akaja kuniuliza kama chuo chetu kimenunua vipaza sauti. Theresia alifaulu, akapangiwa shule huko huko.

Mwaka uliofuata niliiandaa opera tena, kwenye ufunguo wa Margwe. Dada aliimbwa na msichana mwingine, mwepesi wa sauti, nami nilimwuliza kila siku kama panamwuma. Sehemu ya mama ilihitaji sauti ya chini iliyokomaa, na mwaka huo chuoni hatukuwa nayo. Nilimwandikia Theresia. Hakujibu. Nilimwandikia tena nikimwambia kwamba akikataa sitauliza sababu. Wiki mbili baadaye alishuka kwenye gari la kahawa akiwa na mkoba, akasema, "Nipe hizo karatasi nione umefanya nini na ufunguo."

Aliimba sehemu ya mama jioni moja ya Septemba, ukumbi ukiwa umejaa hadi madirishani, Margwe akiwa safu ya pili ndani ya koti lake. Mama anaingia ndugu wameshainua fimbo. Nota zake hazipandi sana. Zinakaa chini, zinatembea taratibu. Sikuwahi kuisikia sauti ile katika mazoezi yote ya mwaka uliotangulia, kwa kuwa sikuwahi kumpa nafasi ya kuitoa. Ilijaza ukumbi bila kusukuma. Mama mmoja mlangoni alimnyamazisha mtoto wake kwa kumziba mdomo, naye mwenyewe akasahau kuutoa mkono.

Watu walipotawanyika tulibaki jukwaani wawili. Nilimshukuru, kisha nikamwambia kile nilichokuwa nimekibeba kwa mwaka mzima: kwamba nasikitika kumpotezea sauti yake ya juu.

Theresia alikuwa akivua kilemba cha mama.

"Hii ya chini ndiyo yangu, Mwalimu," alisema. "Ile ya juu ulikuwa ukiitaka wewe."

Nilimjibu kwamba ni kweli. Alishika ncha moja ya pazia nami nikashika nyingine, tukalikunja, maana asubuhi ukumbi ulitakiwa kwa mkutano wa ushirika.